Jua la Kutulo si la Nairobi

UPEPO WA KASKAZINI
Na Rukia Adan

Lami inakuja Kutulo. Ni sehemu ya ile njia ndefu ya Isiolo hadi Mandera, yapata kilomita 740, ambayo sehemu yake inajengwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, na kwa mji ulio mpakani mwa kaunti za Wajir na Mandera hiyo si habari ndogo. Lori la saruji, nondo na mabati litafika bila kulala matopeni. Bei itashuka, na bei ikishuka watu watajenga. Ninachohofia ni hicho watakachojenga.

Tayari tunakiona. Nyumba inayoitwa ya kisasa, kuanzia Garissa mpaka Rhamu, ni kuta nyembamba za bloku za saruji, mabati juu, dari hakuna, na dirisha linalotazama machweo. Ingia saa saba mchana uone. Utatoka mwenyewe bila kufukuzwa. Mabati yanalia yakitanuka, kitanda cha chuma hakishikiki, maji ya jerikeni yamekuwa ya kuogeshea mtoto. Mwenye nyumba aliyeuza ngamia ili aijenge anashinda chini ya mgunga hadi alasiri, kufuli mlangoni. Wazee walisema nyumba njema si mlango. Zetu zina milango ya chuma yenye nakshi, lakini ndani hakukaliki.

Anayejiweza hununua feni, na akizidi kujiweza, kiyoyozi. Sasa tujiulize umeme unatoka wapi. Wajir, Elwak na Mandera zimekuwa zikitegemea stesheni za dizeli, na dizeli hiyo husafirishwa mamia ya kilomita ili kupoza chumba kinachopashwa moto na paa lake lenyewe. Najua mtaniambia habari ya sola. Garissa ina mtambo wa jua wa zaidi ya megawati 50 uliofunguliwa Desemba 2019, na mpango wa serikali wa kupeleka sola katika kaunti 14 zilizo mbali na gridi unazihesabu Garissa, Wajir na Mandera. Ni vyema. Lakini kufunga paneli juu ya nyumba inayochemka ili uendeshe feni ni kuteka maji kwa pakacha.

Kutulo iko kama nyuzi 3 kaskazini mwa ikweta. Huku jua la mchana hukaa utosini, kwa hiyo adui wa kwanza wa nyumba ni paa, kisha ukuta wa magharibi. Ukitaka nyumba yenye nafuu, elekeza kuta ndefu kaskazini na kusini, upande wa machweo usiupe dirisha, toa baraza pana yenye kivuli. Juu, paka mabati rangi nyeupe, weka dari, na kati ya dari na bati acha nafasi yenye matundu ya kutolea joto. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji umeme, na rangi nyeupe haina bei ya kumtisha mtu aliyekwisha kununua bati. Watu wa Lamu, kwa kuta nene za mawe ya matumbawe na vichochoro vyenye kivuli, waliishi na joto karne nyingi kabla ya feni.

Wala hatuna haja ya kwenda Lamu kutafuta mwalimu. Mama zetu wafugaji ndio wasanifu majengo wa nchi hii. Aqal ya Kisomali hujengwa na wanawake: fito zinakunjwa kuwa kuba, zinafungwa kwa kamba, juu yake mikeka minene iliyosukwa kwa nyuzi za miti. Mkeka unazuia jua lakini unapitisha upepo, na upande mmoja unaweza kuinuliwa hewa ipite. Ikifika siku ya kuhama, nyumba nzima inapanda ngamia. Simwambii mtu arudi kuishi humo. Familia nyingi zilizopoteza mifugo baada ya misimu 5 mfululizo ya mvua kukosekana, kuanzia mwisho wa 2020, zimehamia kwenye bulla (mitaa) za miji, na huko aqal zao zimefunikwa maturubali ya plastiki na vipande vya gunia, kwa sababu mikeka haipo na miti ya fito inakwisha. Penye miti hapana wajenzi, walisema wahenga. Kwetu wajenzi wapo, miti ndiyo haba. Kinachostahili kurithiwa ni akili ya nyumba ile.

Basi tujenge kwa kitu gani? Jibu langu ni udongo. Udongo ukichanganywa na saruji kidogo, chini ya asilimia 10 kwa kawaida, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono, hutoa tofali lisilohitaji kuchomwa, hivyo hakuna mti unaokatwa. Ukuta wake mnene huchelewesha joto la mchana. Na tofali hilo limeshajaribiwa papa hapa kaskazini. Miaka ya mwanzo ya 2010, nyumba za matofali hayo zilianza kujengwa Ifo 2, Dadaab, kwa ajili ya wakimbizi. Serikali ikasimamisha kazi, na sababu haikuwa kwamba nyumba ni dhaifu. Zilionekana za kudumu mno! Sijui sifa gani nyingine ya tofali mtu angetaka.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua tofali la udongo, ninayoitaja kwa uchungu. Desemba 2, 2014, al-Shabaab waliwaua wachimbaji mawe 36 huko Kormey, karibu na mji wa Mandera, wengi wao watu waliotoka sehemu nyingine za Kenya. Mawe ya nyumba zetu yamelipiwa kwa damu ya wageni wetu. Vijana wa Kutulo wakifunzwa kushindilia tofali na kujenga, ujuzi utabaki nyumbani na ujira pia.

Ugumu upo. Tofali hilo lazima linyweshwe maji siku kadhaa likomae, na maji ya Kutulo yanajulikana yalivyo. Kwa hiyo lifyatuliwe wakati silanga zimejaa, lifunikwe nailoni. Na mafuriko ya mwisho wa 2023 yalituonyesha kwamba ukuta wa udongo bila msingi wa mawe ulioinuliwa unarudi kuwa tope.

Hata sheria husahau jua letu. Kanuni za nishati za mwaka 2012 ziliyataka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafungwe mitambo ya jua. Kanuni nzuri kwa Nyeri. Kwetu bomba la mchana linatoa maji moto bila kanuni yoyote, na ndivyo inavyokuwa sheria ikiandikwa na mtu mwenye koti.

Mwalimu wa Kutulo anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, sawasawa na mwenzake wa Nairobi. Ramani ya nyumba zitakazojengwa kwa fedha hizo isiwe ileile. Wawakilishi wa wadi wa Mandera na Wajir, kabla ya kupitisha bajeti ijayo, andikeni katika masharti ya zabuni za nyumba za walimu, zahanati na madarasa: paa jeupe, dari, baraza, tofali la udongo, mafundi wa hapa. Asiyeyatimiza asilipwe.