Ng'ombe wa Mbulu si nyama inayotembea

Ndugu mwandishi, habari ya Wahindu na heshima yao kwa ng'ombe umeieleza vizuri, ila pale ulipodai kwamba sisi Waafrika tunamwona ng'ombe kama nyama inayotembea, nimekataa. Karibu Masieda, huku kwetu Mbulu, kwa Wairaqw. Wairaqw wa zamani walilala nyumba moja na mifugo yao, na mwenye ng'ombe wengi humkabidhi baadhi yao jirani asiye nao: jirani anakamua maziwa, samadi inakwenda shambani kwake, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Babu yangu alikuwa na ng'ombe wengi kwenye mazizi ya watu kuliko kwenye zizi lake, na karatasi hakuna hata moja! Ukame ukija, unajua hodi utapiga wapi. Na wewe msomaji uliyecheka kwenye maoni hapo juu eti "Wamang'ati wanaabudu ng'ombe", acha. Kwanza jina lao ni Wadatoga, na Mungu wao wanamwita Aseeta. Kwao ng'ombe ni mali, mahari, maziwa, na ni sadaka. Mzee mwenye heshima akifa hufanyiwa bung'eed, mazishi ya miezi kadhaa yenye ng'ombe wa kuchinjwa na kaburi linaloinuliwa kama kichuguu kikubwa. Mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, kule wilayani Hanang, yaliyoanza miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, yalichukua malisho ya Wadatoga na baadhi ya makaburi hayo yakalimwa kwa trekta. Kuchinja tunachinja, sikatai. Lakini hata India kwenyewe, Kerala nyama ya ng'ombe inauzwa wazi, hilo mbona hukuligusa?