Mashariki mwa Kongo: nyama inayooza haingoji barabara ifunguliwe

Vita vya mashariki mwa Kongo huhesabiwa kwa miji iliyotekwa na watu waliokimbia. Kuna hesabu nyingine isiyozungumzwa sana: saa zinazopita tangu mtu apate jeraha hadi afike mbele ya daktari mpasuaji. Kwa ugonjwa mmoja hasa, saa hizo ndizo zinaamua nani ataishi, nani atakufa na nani atarudi nyumbani na mguu mmoja.

Ugonjwa huo ni maambukizi makali yanayoozesha nyama za mwili. Vijidudu huingia kupitia kidonda cha risasi, kipande cha bomu, panga, jembe, ama sindano iliyochomwa bila usafi. Mara nyingine mlango ni mkwaruzo mdogo tu. Vikiisha kuingia, hutembea chini ya ngozi, kwenye utando unaofunika misuli, na kutoa sumu zinazoua nyama na kuziba mishipa midogo ya damu. Ngozi inaweza kuonekana nzima wakati chini yake nyama imeshakufa.

Mara nyingi ni vijidudu vya aina mbalimbali vinavyoshambulia pamoja. Mara nyingine ni streptokoki, jamaa yule yule anayeleta ugonjwa wa koo. Kuna pia klostridia, wanaoishi katika udongo na mavi ya wanyama, ambao huleta gangreni ya gesi.

Ndiyo maana dawa za kumeza haziwezi kumaliza kazi hii. Antibiotiki hubebwa na damu, na nyama iliyokufa haipati damu tena. Matibabu ya kwanza ni upasuaji wa haraka: daktari hufungua, anakata na kuondoa kila nyama iliyokufa mpaka afikie ile inayotoka damu. Baada ya saa 24 hadi 48 mgonjwa hurudishwa katika chumba cha upasuaji, maana uozo huweza kuwa umeendelea. Wakati huo huo anapewa antibiotiki kali kwa mshipa, kwa mfano penisilini pamoja na klindamisini inayozuia vijidudu kutengeneza sumu, na pia seromu, damu na chakula cha kutosha. Baadaye huenda akahitaji kupandikizwa ngozi. Hata katika hospitali zenye kila kitu, karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne ama watano hufariki. Asiyepasuliwa, ni wachache sana wanaopona.

Elimu hii si mpya. Katika vita vya kwanza vya dunia, askari waliojeruhiwa katika mashamba yenye samadi ya Ubelgiji na Ufaransa walikufa kwa wingi kwa gangreni ya gesi. Daktari Mbelgiji Antoine Depage, katika hospitali yake ya De Panne, alikuwa kati ya wale waliosisitiza kukata nyama iliyokufa na kuacha kidonda wazi kwanza. Sheria hiyo bado inafuatwa na wapasuaji wa vita, wakiwemo wale wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu: kidonda cha risasi husafishwa, huachwa bila kushonwa, na hufungwa baada ya siku nne ama tano kama kiko safi. Kukishona siku ile ile ni kufungia vijidudu ndani, mahali pasipo hewa, jambo ambalo klostridia wanalipenda.

Kwa hiyo elimu ipo, na madaktari wanaoijua wapo Goma, Bukavu, Beni na Bunia. Kinachokosekana ni njia ya kuwafikia. Kutoka vijiji vingi vya Masisi, Walikale ama Fizi, safari huanza kwa kipoyi mabegani mwa vijana, kisha piki-piki kwenye matope, kisha kizuizi baada ya kizuizi. Mstari wa mapigano ukihama, barabara iliyopitika jana haipitiki leo. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, vifaa na timu za wapasuaji vilipoteza njia ya mkato. Siku zile zile hospitali za mji zilipokea majeruhi kupita idadi ya vitanda, huku maji na umeme vikikatika.

Kizuizi cha pili ni pesa. Familia nyingi huanzia farmasi ya jirani, zinanunua vidonge vichache vya amoksisilini na dawa ya maumivu, kwa sababu zinaogopa fakture ya hospitali. Dawa ya maumivu inatuliza, na siku mbili zinapotea. Wengine huambiwa mgonjwa amekanyaga dawa ya adui, wanampeleka kwanza kwa mganga wa kienyeji. Mpango wa serikali wa huduma bila malipo ulianza na akina mama wanaozaa na watoto wachanga. Mkulima aliyejikata na jembe hayumo.

Dalili zenyewe si siri. Maumivu yanayozidi ukubwa wa kidonda ndiyo ya kwanza. Kisha uvimbe unaopanda kwa saa, homa, ngozi kugeuka rangi ya zambarau ama nyeusi, malengelenge, na mahali pengine mlio wa gesi chini ya vidole. Maumivu yakiisha ghafla na sehemu hiyo kufa ganzi, hiyo si kupona. Muuguzi wa kituo cha afya anayejua hayo hamshoni mgonjwa wala hamwambii arudi kesho. Anamtundikia seromu, anaanza antibiotiki ya mshipa, anamkinga na tetanosi na kumpeleka hospitali kuu ya rufaa siku ile ile.

Lakini muuguzi hawezi kufungua barabara. Kifungu cha 3 kinachopatikana katika Mikataba yote minne ya Geneva ya 1949 kinadai majeruhi na wagonjwa wakusanywe na kutunzwa, na kinawabana wote wanaopigana, wawe jeshi la serikali ama makundi yenye silaha. Mazungumzo ya amani huchukua miezi, na ramani za maeneo hujadiliwa mstari kwa mstari. Kuruhusu kipoyi na ambulansi zipite hakuhitaji kungoja sahihi ya mwisho. Kamanda wa kizuizi anayemzuia majeruhi tangu asubuhi hadi jioni huenda hajafyatua risasi hata moja. Jioni hiyo, hospitalini, mpasuaji atalazimika kukata mguu ambao asubuhi ungeweza kuokolewa.