Kabla hujapigilia msumari: Picha gani ikae chumba gani?

NYUMBA imekwisha. Bati liko juu, plasta imekauka na rangi imepakwa. Huko Lugoba, kando ya barabara ya Chalinze kwenda Segera, familia nyingi hujenga kidogo kidogo kwa miaka, na kokoto hazitoki mbali kwa sababu machimbo ya mawe yako hapo hapo. Ikifika siku ya kuhamia, suala la kupamba kuta huonekana dogo kuliko yote. Kinachopatikana ndicho kinachotundikwa: kalenda ya duka, saa, picha ya harusi, bango la timu.

Hata hivyo, mtoto atalala na kuamka akiutazama ukuta huo kwa miaka mingi. Atajifunza kwenye ukuta huo nani anathaminiwa nyumbani kwao, kitu gani kinaogopesha na kipi kinatuliza. Ndiyo maana inafaa mzazi atulie kidogo kabla ya kushika nyundo.

Sebuleni: Nani yupo, nani hayupo?

Sebule ni chumba cha wageni, hivyo ndipo familia huweka kile inachojivunia. Hapo ndipo yanapoanzia makosa ambayo mzazi hayakusudii.

Chukua mfano wa nyumba yenye watoto watatu. Kaka mkubwa amehitimu chuo, na picha yake akiwa na joho imewekwa kwenye fremu kubwa juu ya kochi. Mdogo wa mwisho ana picha ya mahafali ya chekechea. Binti wa katikati alipata sifuri kidato cha nne, sasa anamsaidia mama dukani. Yeye hana picha. Kila mgeni akiingia huuliza, "Huyu mwenye joho ni nani?" Mama hueleza kwa furaha huku binti akimimina chai.

Hakuna aliyemtukana binti huyo, wala mama hana nia mbaya. Lakini ukuta umemsema kila siku, mbele ya wageni.

Dawa yake si kushusha picha ya kaka. Kila mtoto apate picha yake, za ukubwa unaokaribiana, zitundikwe mstari mmoja. Kama mmoja hana mahafali, apigwe picha akifanya anachokiweza: akiwa dukani, akicheza mpira, akisuka mkeka. Cheti na matokeo ya mtihani vikae kwenye faili.

Jambo jingine ni picha ya marehemu. Mzazi anapofariki, baadhi ya ndugu huondoa picha yake haraka ili "mtoto asikumbuke". Mtoto hukumbuka tu, tofauti ni kwamba sasa anajua jina hilo halitajwi. Wanaofanya kazi na watoto waliofiwa hushauri mtoto aruhusiwe kuendelea kumkumbuka na kumzungumzia mpendwa wake. Aulizwe: "Ungependa picha ya baba ikae wapi?" Mmoja ataitaka sebuleni, mwingine ataiomba ikae chini ya mto wake. Kama hayuko tayari kuitazama, itunzwe, asilazimishwe.

Zipo pia familia ambazo kwa imani yao hazitundiki picha za watu wala wanyama. Kwao maandishi ya aya, mkeka wa ukili wenye rangi, ungo au kanga iliyonyooshwa vizuri hutosha kabisa. Ila kanga ina jina. Lisome kabla hujaitundika, maana kanga ya mafumbo mbele ya mama mkwe inaweza kuzua kesi ambayo hukuitarajia.

Chumba cha watoto: Shusha picha chini

Mtoto mchanga huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani kama umbali wa uso wa mama anaponyonyesha. Picha iliyo ukuta wa pili haimsaidii kitu wiki za mwanzo. Katika umri huo uso wako ndiyo picha yake, hivyo usiumize kichwa na mapambo ya gharama.

Akianza kusimama na kutembea, shusha picha zifike usawa wa macho yake. Wazazi wengi hutundika kwa urefu wao wenyewe, kisha mtoto hukua akiona sehemu ya chini ya fremu. Karatasi aliyochora mwenyewe, ikibandikwa mahali anapoifikia, humpa sababu ya kuchora nyingine.

Kuwa makini na sura kali. Kinyago kinachopendeza mchana huweza kuwa kitu kingine kabisa usiku, taa ya chemli au ya simu inapokitupia kivuli. Mtoto wa miaka mitatu au minne bado anachanganya cha kweli na cha kufikirika. Akisema anaogopa, usimcheke. Kihamishe chumba kingine.

Sehemu ya kusomea nayo isijazwe. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani walichapisha utafiti wa watoto 24 wa chekechea. Watoto hao walipofundishwa katika chumba chenye kuta zilizojaa mapambo, walikosa utulivu zaidi na kushika masomo kidogo kuliko walipofundishwa katika chumba chenye kuta tupu. Utafiti ni mdogo, lakini kuufuata hakuna gharama: weka meza ielekee upande wa ukuta mtupu, mabango ya herufi na wanyama yakae upande mwingine.

Chumbani kwa wazazi: Pumzisha macho

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolazwa kwenye vyumba vyenye dirisha linalotazama miti waliruhusiwa mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Utafiti huo ulihusu dirisha, si picha. Kwa hiyo somo la kwanza ni hili: kama nyumbani kuna mama aliyejifungua, mzee au mgonjwa, geuza kitanda atazame dirisha lenye mwembe kabla hujafikiria kununua chochote. Pale dirisha linapotazama ukuta wa jirani, picha tulivu ya bahari, shamba au miti ni chaguo zuri.

Kuna vitu pia vya kuondoa. Ratiba ya marejesho ya mkopo, orodha ya michango na kalenda ya madeni havifai kuwa kitu cha mwisho unachokiona kabla ya kuzima taa. Vihamishie jikoni au kwenye daftari.

Jikoni: Picha yenye kazi

Moshi na mafuta huharibu picha upesi, na kitambaa kilichotundikwa karibu na jiko ni hatari ya moto. Ukuta wa jikoni ulio mbali na jiko unafaa kwa kalenda moja kubwa yenye alama za kliniki. Kwa ratiba ya Tanzania, mtoto huanza chanjo anapozaliwa, hurudi akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Zungushia tarehe hizo wino mwekundu. Hizi mbili za mwisho ndizo rahisi kusahaulika kwa kuwa zinakuja baada ya muda mrefu.

Kabla ya nyundo: Mambo matano ya afya

Kwanza, rangi. Rangi za mafuta, hasa za zamani, huweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile alichomeza. Madini hayo hudhuru ubongo. Picha au fremu inayobambuka rangi isikae mahali mtoto anapoweza kuibandua na kuitia mdomoni. Ukinunua rangi, uliza iliyoandikwa kuwa haina risasi.

Pili, vumbi. Eneo lenye machimbo na malori, vumbi haliishi. Kwa mtoto mwenye pumu, chagua picha chache zenye kioo au sehemu laini, na uzifute kwa kitambaa chenye maji. Ukikung'uta kwa kitambaa kikavu unalirudisha vumbi hewani.

Tatu, wadudu. Mbu hupumzika sehemu zenye giza ndani ya nyumba na kunguni hujificha nyuma ya fremu. Geuza picha uangalie nyuma yake kila unapofanya usafi mkubwa. Picha isizuie chandarua kufunguka na kuchomekwa vizuri.

Nne, unyevu. Ukuta unaovuja wakati wa masika huota ukungu nyuma ya picha. Ziba panapovuja kwanza, picha baadaye.

Tano, msumari. Usitundike fremu ya kioo au kitu kizito juu ya kitanda, cha mtoto au cha mtu mzima. Usipigilie msumari juu au chini ya swichi na soketi, kwa kuwa nyaya za umeme mara nyingi hupita humo.

Si lazima iwe ghali

Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 akitumia rangi za kawaida za dukani juu ya vipande vya mbao za kujengea. Hakusubiri vifaa vya gharama.

Familia ya Lugoba inayotaka kazi ya msanii haina safari ndefu. Barabara ya lami inatoka Msata hadi Bagamoyo, mji wenye wachoraji na wachongaji, na wenye Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Nenda na watoto, kila mmoja achague kitu kimoja kidogo.

Kama nauli haipo, anza na kilichomo ndani. Jioni moja toa albamu na picha zilizo kwenye simu, kaeni mkekani, mwache kila mtoto achague picha yake moja ya kusafishwa. Kisha hesabu zilizoko ukutani. Kama kuna mtoto ambaye sura yake haipo, anza na yake.