Wiki ya tatu tu, mmeshapanga nani bora?

Haya jamani, nimekuwa kimya hapa kwa wiki mbili hivi, kazi ilikuwa nyingi na umeme wa mtaani kwetu nao ukawa wa kubahatisha. Leo narudi na hasira kidogo. Nitaanza kwa kujishitaki mwenyewe, asije mtu akasema nawasema waandishi wenzangu wakati mimi najifanya malaika.

Mwisho wa Agosti 2024 mhariri wa dawati letu la michezo alinipigia simu asubuhi akitaka orodha ya ubora wa timu zote 16 za Ligi Kuu Bara. Nipange kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, kila timu sentensi mbili, kabla ya saa tisa alasiri. Nikapanga. Mnajua nilitumia nini? Msimamo wa msimu uliopita, majina ya usajili na makelele ya redio. Mechi nilizokuwa nimeziona kwa macho yangu zilikuwa tatu, zote Dar es Salaam. Yanga nikaiweka ya kwanza. Sasa sikilizeni vizuri: siku naandika, Agosti 28, Yanga haikuwa imecheza hata mechi moja ya ligi! Ilikuwa imetoka kwenye mechi za awali za Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Vital'O ya Burundi, na mechi yake ya kwanza ya ligi ilikuwa kesho yake, kule Kaitaba, ambako iliifunga Kagera Sugar 2-0. Hao Kagera niliwapa nafasi ya nane, nikaandika kwamba uzoefu utawabeba. Tabora United, timu ya nyumbani kwetu, nikaitupa ya 15. Ilikuwa imefungwa 3-0 na Simba Agosti 18, na mimi kijana wa Ntalikwa nilitaka wakubwa wa ofisini waone kwamba siegemei kwetu. Niliogopa kuitwa mnazi, basi. Msomaji akanunua gazeti akidhani anasoma uchambuzi.

Msimu ulipokwisha, Kagera Sugar ilikuwa imeshuka daraja pamoja na KenGold. Tabora United ilikuwa salama salimini, tena juu ya timu nyingi ambazo mimi niliziweka juu yake.

Najua atatokea mtu atasema: mbona Yanga uliyoiweka ya kwanza ndiyo iliyochukua ubingwa? Kweli ilichukua. Lakini ndugu yangu, kusema Yanga na Simba zitagombania ubingwa hakuhitaji mwandishi mwenye shahada. Hata mtoto wa darasa la tatu pale Ntalikwa, anayechunga mbuzi jioni, atakwambia. Orodha inapimwa kuanzia nafasi ya nne kwenda chini, kwenye zile timu ambazo hatuzijui, hatuzifuati viwanjani na tunaziandika kwa kukisia. Huko ndiko tunakoanguka kila mwaka, na kila mwaka Agosti ikirudi tunajifanya tumesahau.

Tuangalie hesabu kidogo. Timu 16, kila moja inacheza mechi 30, jumla mechi 240. Baada ya raundi tatu zimechezwa mechi 24 tu, kama zote zimechezwa. Na hazichezwi zote! Hapa ndipo ligi yetu inapotofautiana na zile tunazoziangalia Jumamosi kwenye vibanda umiza. Sisi tuna viporo. Timu zinazokwenda mashindano ya Afrika mechi zao zinasogezwa, wengine wamecheza nne, wengine moja, halafu sisi tunachora jedwali zuri la rangi na kuandika juu yake "NANI MKALI?" Kiporo cha ugali nyumbani unakipasha asubuhi unakula na chai, hakuna anayekihesabu kwamba ni chakula cha leo. Kwenye msimamo wa ligi kiporo kinahesabiwa kama mechi iliyopotea mpaka siku kitakapopashwa. Msimu huohuo wa 2024/25 hata dabi ya Kariakoo, iliyokuwa ichezwe Machi 8, 2025, ikageuka kiporo. Ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga ikiwa na pointi 79 na Simba 78. Yaani kwa zaidi ya miezi mitatu nchi nzima ilibishana juu ya msimamo wenye tundu katikati. Kama msimamo wa Mei ulikuwa hausomeki, huo wa Agosti tunausoma kwa miwani gani?

Halafu kuna suala la nani amekutana na nani. Msimu ule Dar es Salaam ilikuwa na timu tano: Yanga, Simba, Azam, KMC na JKT Tanzania. Timu ya Dar inaweza kucheza ugenini na wachezaji wakalala kwenye vitanda vyao. Timu ya Tabora ikija Dar imekata zaidi ya kilomita 800. Sasa wewe chukua timu ambayo ratiba imeianzishia kwa Simba ugenini, iweke kwenye mizani moja na timu iliyoanza nyumbani na mgeni aliyepanda daraja juzi, halafu sema hii ni ya pili na ile ni ya 15. Huo ubora umeupimia wapi? Umepima ratiba tu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa akitusimulia habari za wazee wake, wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe kutoka Unyanyembe mpaka pwani. Alikuwa akisema safari ya siku ya kwanza ilikuwa fupi makusudi. Msafara unatoka, unapiga kambi karibu tu, ili aliyesahau kitu arudi, mzigo uliokaa vibaya ufungwe upya, na mwenye kutoroka atoroke mapema. Nilipokuja kusoma chuoni nikakuta hata wageni walioandika habari za misafara ya karne ya 19 wameutaja utaratibu huo. Kambi ya kwanza ilikuwa ya kukagua mizigo. Hakuna aliyesimama pale akatangaza fulani ndiye mpagazi bora na fulani hatafika Bagamoyo.

Sisi watu wa Tabora tuna ushahidi wa pande zote mbili, wa kusifiwa mapema na wa kuzikwa mapema. Agosti 2013 nilikuwa mwanafunzi, nikapanda baiskeli nyuma ya mjomba kutoka Ntalikwa mpaka mjini, Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Rhino Rangers, wageni kabisa wa Ligi Kuu, wakatoka sare 2-2 na Simba kwenye mechi ya kwanza ya msimu. Ilikuwa sherehe! Tukarudi usiku tukiimba, mjomba akisema mwaka huu ni wetu. Msimu huo Mbeya City nao walikuwa wageni, na baada ya wiki moja hakuna aliyeweza kukwambia ni mgeni yupi angekwenda wapi. Mbeya City walimaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga. Rhino wakashuka.

Miaka kumi baadaye, Agosti 2023, Tabora United ikaingia ligini kwa aibu ambayo sijui kama timu nyingine iliwahi kuipata. Mechi ya kwanza, Chamazi, dhidi ya Azam: usajili wa wachezaji wengi haujakaa sawa, timu ikaingia uwanjani na wachezaji wanane. Azam wakafunga manne haraka haraka, wetu wakapungua chini ya saba, mwamuzi akamaliza mechi kipindi cha kwanza. Kesho yake vijiwe vyote vya Dar vilikuwa vikicheka, na orodha zote zilikuwa na jibu moja: hawa wanashuka. Hawakushuka. Walihangaika kweli, wakapitia mechi za mchujo, lakini walibaki, na walioshuka ni Mtibwa Sugar na Geita Gold. Mtibwa, mabingwa wa 1999 na 2000! Nani aliwaweka mkiani mwezi Agosti?

Ugonjwa huu si wetu peke yetu, tusijidharau sana. Marekani wana mpira wao ule wa kushika mikononi, na ligi za vyuo vikuu zinazojaza viwanja kuliko mechi yoyote utakayoiona kwa Mkapa. Huko waandishi wanapiga kura kupanga timu bora hata kabla ya mechi ya kwanza. Orodha ya shirika la habari la Associated Press ilianza mwaka 1936. Septemba 1, 2007, Michigan, iliyopangwa ya tano nchi nzima, ilifungwa nyumbani kwake 34-32 na Appalachian State, chuo cha daraja la chini yao. Wiki iliyofuata Michigan haikuwemo hata kwenye 25 bora. Kutoka ya tano mpaka nje kabisa kwa mechi moja! Maana yake ile ya tano haikuwa na kitu ndani. Lakini kuna jambo wenzetu walijifunza ambalo sisi hatutaki: kamati inayochagua timu za kugombania ubingwa wa vyuo, iliyoanza kazi 2014, haitoi orodha yake ya kwanza mpaka mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba, wakati timu zimeshacheza zaidi ya nusu ya msimu. Wanasubiri. Wenye mamilioni ya dola mezani wanasubiri, sisi wenye kurasa nane za michezo tuna haraka ya nini?

Mtu ataniambia, kijana, acha ukali, ni burudani tu. Mimi nilikuwa nasema hivyohivyo mpaka Novemba 7, 2024.

Yanga wakati huo walikuwa wameshinda mechi nane mfululizo bila kuruhusu bao, kisha wakafungwa 1-0 na Azam Novemba 2. Tabora United wakaja Chamazi. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anaishi Ntalikwa na analima tumbaku. Wanaojua kwetu wanajua Novemba ni mwezi wa nini: mvua zimekaribia, mbolea inatafutwa, na kilichobaki cha mauzo ya tumbaku ndicho hichohicho. Huyu bwana ni Simba damu, na ni mtu wa Tabora. Kwa moyo wake asingeweka hata mia kwa Yanga. Lakini alikuwa na kipande cha gazeti, amekikata vizuri na kukiweka kwenye pochi, kwa sababu kina jina la kaka yake. Ya kwanza, ya 15. Akaenda kijiweni kwa bodaboda akasuka mkeka wake, na mguu mzito kuliko yote ukawa Yanga kushinda.

Tabora United 3, Yanga 1.

Alinipigia usiku. Sikujua, nilipokea simu nikicheka, nikidhani tutashangilia pamoja ushindi wa nyumbani. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kaka, si wewe uliandika?" Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetaka kujua wapi amekosea kusoma. Hela iliyokwenda ilikuwa ya mifuko miwili ya mbolea. Baba mdogo mpaka leo anajua iliibiwa.

Siwezi kusema ni mimi niliyemtia mfukoni simu ya kubeti. Ana akili zake, na kampuni za kubeti ziko nyingi hata kabla sijajua kuandika. Lakini mkeka unahitaji mtu wa kuupa sura ya elimu, na mtu huyo ni sisi. Kurasa ileile inayobeba orodha yetu inabeba tangazo lao chini yake, mnaona ilivyopangika?

Na si wakulima tu. Siku nane baada ya mechi ile, Novemba 15, Yanga ilimfukuza kocha Miguel Gamondi. Aliyewapa ubingwa wa 2023/24, aliyeshinda mechi nane kati ya kumi za msimu huo. Sijui yote yaliyosemwa ndani ya klabu, lakini najua kelele za nje zilivyokuwa, na najua sisi ndio tuliokuwa tumewaahidi mashabiki kwamba timu hii haifungiki. Tuliahidi kwa mechi nane. Tungesema ukweli, kwamba ni mwanzo tu, kufungwa mara mbili kungekuwa kufungwa mara mbili.

Ninachotaka ni kidogo. Andikeni matokeo, andikeni nani kacheza na nani, wapi, na kiporo gani kimebaki. Mtu akajionee mwenyewe. Maneno ya nani bora yasubiri mpaka kila timu imekutana na kila timu mara moja, yaani mechi 15, viporo vyote vimeliwa. Hapo mtu akipanga ya nne na ya 11 tutabishana naye kwa hoja.

Septemba 2025 msimu mwingine ulipoanza, Tabora United sasa ikiitwa TRA United, simu ikaja tena, dawati lilelile, orodha ileile, mwisho saa tisa alasiri. Nikamwambia mhariri nitampa ukurasa wa ratiba: timu gani inasafiri kiasi gani katika mechi tano za kwanza na inakutana na nani. Akasema hiyo haina mvuto. Nikasema basi siandiki. Akakaa kimya, akasema sawa, akampa mwenzangu wa meza ya pili ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatoka kwenye habari za mahakama. Orodha ilitoka kesho yake. Timu ya kwetu ameiweka ya 13.