Mombasa Si Kitanda cha Watu wa Nairobi

Wacha niseme tu: wasee wa Nairobi, mnaitumia Mombasa vibaya. Mwaka mzima mnaposti picha za Ngong na Longonot, viatu vimejaa matope, mnajiita watu wa kutembea. Halafu Disemba mnashuka SGR pale Miritini, mnaita teksi hadi hotelini, na safari ndefu zaidi mnayopiga kwa mguu ni kutoka kitandani hadi kwa kiamsha kinywa. Ukiuliza, ati joto.

Huu mji ni wa watembeaji, na ulikuwa hivyo kabla ya Nairobi kuwepo. Kabla ya ujenzi wa reli kuanza hapa 1896, kuingia bara kulikuwa ni mguu. Wakamba walileta pembe za ndovu pwani kwa mguu. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alitoka hapa na wapagazi zaidi ya mia moja, wakavuka nyika ya Taru ambayo haina maji, wakakata nchi ya Wamaasai hadi Baringo na Ziwa Victoria, wakarudi 1884. Leo swala tomi ana jina lake, na maporomoko ya Nyahururu yaliitwa kwa jina lake miaka na miaka. Na wale waliobeba mizigo vichwani? Nitajie mmoja tu. Nangoja.

Sasa angalia wenzetu. Kule Ureno kuna mji wa bandari unaitwa Porto. Watu hufika pale kwa ndege, hulala siku moja mbili, kisha huanza kutembea zaidi ya kilomita 200 hadi Santiago, Uhispania. Njia zote za kwenda Santiago zikijumlishwa, mwaka 2023 watu zaidi ya 400,000 walimaliza na kupewa cheti. Mwenye kuuza supu njiani anakula, mwenye kitanda cha bei nafuu anakula. Wareno hao hao ndio walianza kujenga Fort Jesus hapa 1593. Sisi tumebaki na ngome, tunapiga selfi, tunaenda zetu.

Na njia tunayo! Lala Mji wa Kale, amka alfajiri, vuka feri ya Likoni, mtu wa miguu halipi hata shilingi. Shika ufuo kuelekea kusini. Tiwi, kisha mlango wa mto Mwachema penye msikiti wa kale wa Kongo, unavuka maji yakipwa. Kisha Diani, Kaya Kinondo, halafu Gazi, ambako akina mama wana daraja la mbao ndani ya mikoko na kijiji kinauza hewa ya kaboni kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Mikoko ikikufungia ufuo, unapita vijijini. Unafika Shimoni kwenye mapango, unamalizia Vanga mpakani. Karibu kilomita 100. Siku tano hivi, mihogo na madafu njiani.

Kwa nini hakuna anayeiuza hii safari? Kwa sababu pesa ya utalii wetu imepangwa ikae ndani ya ukuta. Mgeni akilala kitandani wiki nzima, anakula kwa hoteli, anakunywa kwa hoteli. Akitembea, shilingi inaangukia Tiwi, Gazi na Msambweni. Ndiyo maana vichochoro vya kwenda baharini vinazidi kuzibwa, na mlinzi wa hoteli moja alithubutu kuniuliza natafuta nini ufuoni. Soma Katiba, Kifungu cha 62: ardhi yote kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ya umma ni yangu na yako. Lakini haki ya kutembea ufuoni inakufa polepole kama hakuna anayeitembea.

Najua mtasema usalama. Sawa, basi tembeeni kwa kundi, na mumchukue kijana wa pale anayejua mawimbi na njia, mumlipe vizuri. Vijana wa Kwale wanatafuta kazi, na hii ni kazi. Joto? Njooni Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukivuma, muanze alfajiri, saa nne mko kivulini.

Na kwenu serikali za kaunti, Mombasa na Kwale: hatuombi uwanja wa ndege mwingine. Fungueni vichochoro vyote vya kwenda baharini, wekeni vibao vya njia na mabomba ya maji. Hiyo ni bei ya mikutano michache tu ya hotelini.

Nyinyi wenye viatu vya matope, anzeni na kipande kimoja: Likoni hadi Tiwi. Angalieni saa za maji kupwa kwanza. Na mkikuta ukuta umefunga njia ya umma, pigeni picha, muiposti na jina la mahali. Tuone nani atatoka kuutetea.