Uhuru upimwe kijijini

Kila mwaka mashirika ya nje hutupima uhuru, na kila mwaka wakubwa wetu huyapokea majibu kwa nyuso mbili. Mwaka 2024 Waandishi Wasio na Mipaka walipoipandisha Tanzania kutoka nafasi ya 143 hadi ya 97 kati ya nchi 180, kwa uhuru wa vyombo vya habari, kipimo hicho kilitajwa majukwaani kwa fahari. Alama zikishuka, kipimo kinageuka kuwa cha mabeberu. Mkulima wa viazi wa Lukozi, huku Usambara, anaujua mchezo huu kwa jina lake: ni lumbesa, gunia linaloshindiliwa kupita kipimo. Mwenye hela ndiye anayeamua gunia limejaa lini.

Wapimaji wa ndani nao hawakupona. Mwaka 2018 shirika la Twaweza lilitoa utafiti ulioonyesha kuwa wananchi wanaoridhika na utendaji wa Rais Magufuli wameshuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 hadi 55. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ikaliandikia barua ya kulitaka lijieleze, na mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze, akanyang'anywa pasipoti. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ikarekebishwa, ikawa jinai kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali. Ilichukua hadi 2019 kifungu hicho kulegezwa, tena baada ya Benki ya Dunia kunung'unika.

Sisi wa Usambara tuna kipimo chetu, na kimekaa milimani humu tangu enzi za Mwingereza. Je, mtu anaweza kumwambia mkubwa "hapana" mbele ya watu, kisha akalale kwake?

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha Mlalo mpango wa kuokoa udongo, ukaenezwa baadaye Usambara nzima. Amri ilikuwa moja: piga matuta, usipopiga utatozwa faini. Waliobeba mzigo mkubwa ni wanawake, maana jembe la chakula lilikuwa mikononi mwao. Mmomonyoko ulikuwepo kweli, hilo halina ubishi. Lakini Msambaa hakuulizwa, na wengi walihofu kwamba shamba likishatengenezwa litachukuliwa na mzungu. Wakakataa. Mabwana shamba wakakasirika, machifu waliosimamia amri wakapoteza heshima, na TANU, chama kilichodai uhuru, kikapata wanachama. Kufikia 1957 mpango ulikuwa umeachwa. Hao wakulima hawakuwa na katiba iliyowalinda, wala haki ya kupiga kura.

Wajukuu wao wanazo zote mbili, angalau kwenye karatasi. Haki za raia ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inautaka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukae walau kila miezi mitatu, na sheria ndogo za kijiji zipite hapo kwanza. Lakini tazama uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024: wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa makosa ya kujaza fomu, na chama tawala, CCM, kikatangazwa kushinda takriban asilimia 99 ya vijiji vyote nchini. Hakuna kitu duniani, hata ugali, kinachopendwa na asilimia 99 ya Watanzania.

Mwaka uliofuata tuliona mwisho wa njia hiyo. Tundu Lissu, kiongozi wa chama cha upinzani CHADEMA, aliwekwa kizuizini kwa kesi ya uhaini, chama chake kikafungiwa nje ya uchaguzi, na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, watu wakaingia barabarani, wengine wakauawa, intaneti ikazimwa. Rais Samia akatangazwa kushinda kwa karibu asilimia 98. Waangalizi wa SADC, majirani zetu wenyewe wala si mabeberu, walisema wapiga kura hawakuweza kuonyesha utashi wao. Mkoa wetu wa Tanga ulikuwa umeonja mapema: Septemba 2024 Ali Mohamed Kibao wa CHADEMA alishushwa kwenye basi akielekea Tanga, akakutwa amekufa.

Serikali ifungue tena mlango wa chini kabisa. Mgombea aliyekosea herufi kwenye fomu aitwe arekebishe. Mtendaji wa kijiji asiyewasomea wananchi mapato na matumizi awajibishwe na halmashauri, na anayeuliza zilikokwenda fedha za zahanati asiitwe polisi.

Nawe msomaji, uwe Mtae, Soni au Bumbuli, una kazi. Kama miezi mitatu imepita bila mkutano, mwandikie mwenyekiti wako barua ya kuudai, weka tarehe na sahihi za majirani, nakala umpelekee mkurugenzi wa halmashauri. Halafu mkutano ukiitishwa, nenda.