Askari na Nyumba Yake ya Kwanza

Tunafurahi kuona askari wetu wengi, wa jeshi na wa polisi, wakiacha kodi ya kila mwezi na kutafuta mahali pao wenyewe. Chama cha akiba na mikopo cha Wazalendo, kilichoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya wanajeshi, kimewafungulia njia.

Lakini fedha si taabu pekee. Katika Buganda, ardhi ya mailo, iliyotokana na Mkataba wa 1900, mara nyingi ina watu wawili juu yake: mwenye hati, na mwenye kibanja anayekaa na kulima hapo. Askari aliyetoka Arua au Soroti akiuziwa kibanja hudhani amenunua ardhi. La! Amenunua haki ya kukaa, naye atamlipa mwenye hati busuulu kila mwaka. Si jambo baya, mradi alijue mapema. Baya ni hili: kwa marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2010, mwenye kibanja akiuza bila kumpa mwenye hati nafasi ya kwanza ya kununua, mauzo hayo ni batili. Sahihi ya mwenyekiti wa kijiji haiyaponyi.

Basi, ndugu askari, kabla ya kuhesabu noti omba ruhusa ya siku mbili. Nenda ofisi ya ardhi hati ipekuliwe, kisha mtafute mwenye mailo uso kwa uso, nawe umevaa kiraia, maana sare huwafunga watu vinywa. Na kama muuzaji anaishi hapo na mkewe, idhini ya mke iandikwe pia.